Masika ya Kumlisha Dada

Jumatatu, 6 Machi

Kwa jina la Aliyeumba njaa na chakula chake, nalifungua daftari hili. Ni daftari la shule. Nimeliomba kwa mjukuu wangu, naye amenipa kwa sharti kwamba jina lake nisilitaje ndani. Nitamwita Chiriku, kama tumwitavyo sote nyumbani, kwa kuwa hanyamazi.

Asubuhi nimempeleka dada yangu hospitali. Ana ngiri ya tumboni, amekaa nayo miaka bila kumwambia mtu. Daktari ni kijana mwenye miwani, angeweza kuwa miongoni mwa wanafunzi wangu wa mwisho chuoni. Amempima uzito, amempima damu, kisha ameniita pembeni.

"Mzee, huyu mama lazima apasuliwe. Siku utumbo ukibanwa pale, tutakuwa tumechelewa. Lakini kwa mwili huu siwezi kumlaza usingizi. Anaweza asiamke."

"Tufanye nini, mwanangu?"

"Mlisheni. Ana kilo arobaini na moja. Nataka arobaini na tano, na damu ipande. Nyama, maini, supu, mayai. Nawapa wiki nane. Na uandike kila anachokula, hata kikiwa kijiko kimoja."

Ndiyo sababu ya daftari. Mke wangu alitangulia mbele ya haki miaka minne iliyopita. Mwanangu huendesha lori na hurudi nyumbani kwa nadra. Mkewe hushona sare kiwandani, hutoka alfajiri na kurejea alasiri. Kwa hiyo mpishi ni mimi. Nina umri wa miaka sabini na moja, nimefundisha watoto kusoma na adabu za dini kwa miaka thelathini na minane, na sijapata kukaanga kitunguu.

Jumanne, 7 Machi

Chai, mkate kipande kimoja. Supu ya mifupa, vijiko vitatu. Joto kali, wingu hakuna.

Alhamisi, 9 Machi

Nimekwenda buchani. Muuza nyama, ambaye mtaa mzima unamwita Bwana Shoka, amenitazama kana kwamba nimepotea njia.

"Ustadhi! Leo umetumwa?"

"Nimejituma. Nataka nyama ya kumpa mgonjwa nguvu, nayo isiwe ya gharama."

"Hapo umefika. Steki ni ya kuringia tu. Nguvu iko huku chini." Akafunua karai: miguu ya kuku, migongo, shingo, firigisi, bandama, mapafu.

Nilipoiona ile miguu ya kuku nilisimama pale kama mtoto. Mama yetu alifariki mimi nikiwa na miaka saba, na dada yangu kumi na mitatu. Baba alikuwa bawabu wa ghala, akiondoka na kurudi tukiwa tumelala. Dada alitulea mimi na wadogo zetu wawili, marehemu wote sasa, kwa karai kama lile. Alileta miguu ya kuku imefungwa kwenye gazeti, akaimwagia maji ya moto, akatuita: "Wageni wamekuja na soksi. Mgeni haingii sufuriani na soksi. Mvueni!" Tukaketi sisi watatu tukiivua ile ngozi ya njano, ikitoka nzima kama soksi kweli, huku tukishindana. Sikujua kwamba tulikuwa maskini. Nilidhani tuna wageni wengi.

Nimeinunua. Nimeivua soksi peke yangu, kwa saa nzima, nikaichemsha na tangawizi mpaka supu ikawa nzito. Dada amekunywa vijiko vitano, akasema hana njaa.

Ijumaa, 10 Machi

Mapafu. Hakuyagusa. Chiriku naye hakuyagusa, na mimi nimeyala kwa kutii amri tu.

Jumatatu, 13 Machi

Mvua ya kwanza imeanza baada ya sala ya adhuhuri, ikanikuta nakaanga maini. Nilidhani nyama yoyote kadiri inavyokaa motoni ndivyo inavyolainika. Nimeyaacha kwa dakika arobaini, na chumvi nikaitia mwanzo kabisa. Dada alinusa akiwa kitandani, chumba cha pili, akapaza sauti:

"Wewe, unapika maini au unapika ndara?"

"Yanakaribia, dada."

"Yalikaribia zamani, sasa yanaondoka! Maini ni kugeuza na kugeuza, halafu chumvi, halafu unayatoa. Basi. Ulisoma vitabu vyote vile hukuona hilo?"

Chiriku amecheka mpaka akakaa chini. Nimeandika katika daftari: maini, kipande kimoja, alikitafuna akakitoa. Sikumlaumu. Hata paka wa jirani alikinusa akaenda zake.

Jumatano, 15 Machi

Mvua. Uji nusu kikombe. Firigisi moja, nimeikatakata. Kabakiza nusu.

Jumapili, 19 Machi

Leo Bwana Shoka ameniuzia kuku wa mayai aliyekoma kutaga. "Huyu ni mstaafu mwenzio, Ustadhi," amesema. "Bei yake ndogo, lakini anataka subira. Moto wa pole, saa mbili na nusu, na kipande cha papai bichi. Usimharakishe, mzee haharakishwi."

Nimempeleka kwa dada akiwa mzima kwenye sinia, nimwombe anielekeze kumkata. Aliomba kisu. Mikono yake imekuwa kama vijiti, ngozi imelegea juu ya mifupa, lakini kisu kilipoingia kwenye kiungo sikusikia mfupa ukivunjika hata mmoja. Paja likajitenga lenyewe. Kidari akakifanya vipande vinne, mgongo viwili, mabawa, shingo, na vyote vya ndani. Vipande kumi na vinane.

"Ukivunja mfupa unapoteza kipande," akasema. "Tafuta pale panapofunguka."

Nilikumbuka jinsi alivyokuwa akifanya hivyo juu ya kigoda, siku moja kwa mwezi Baba alipopata mshahara, nasi tumemzunguka tukihesabu kwa sauti. Baada ya kukata alipika, baada ya kupika alipakua: Baba, kisha mimi kwa kuwa nilikuwa na safari ya kwenda chuoni, kisha wadogo. Nakumbuka mvuke, na nakumbuka utamu wa mchuzi ule ambao katika miaka sitini sijauonja tena mahali popote, wala kwenye karamu za watu wakubwa.

Mstaafu amelainika kwa saa tatu. Dada amekula kipande kidogo cha kidari na wali vijiko viwili. Nimemshukuru Mungu kwa hivyo viwili.

Alhamisi, 23 Machi

Niandike jinsi tunavyomhudumia, ili daktari asije akadhani tunampuuza.

Chakula kikiiva, cha kwanza ni chake. Nimetoa sahani ya kaure ambayo marehemu mke wangu aliitunza kwa ajili ya wageni. Namchagulia vipande vilivyo bora, naweka juu ya sinia yenye kitambaa, namtangulizia maji ya kunawa. Ndipo sisi watatu, mimi, mkwe wangu na Chiriku, tunaketi mkekani karibu na kitanda, tukimngoja aanze. Hapana mkono uingiao chunguni kabla yake. Yeye ndiye mkubwa wa nyumba, tena ni mgonjwa, na haki hizi mbili nimewafundisha watoto wa watu miaka yote. Mtu asiyemtanguliza mkubwa wake katika chakula, huyo adabu yake ina kasoro.

Na kila siku hula vijiko vitatu au vinne, akasema, "Nimejaribu. Haya, kuleni nyie, kinapoa."

Jumatano, 29 Machi

Supu ya kwato, vijiko vinne. Siku ya tano mfululizo jua halijaonekana. Nguo hazikauki.

Jumatatu, 3 Aprili

Wiki ya nne. Kilo arobaini kamili.

Ameshuka. Daktari amelisoma daftari langu ukurasa kwa ukurasa, akavua miwani. "Mzee, nyama mnazompa ni sahihi kabisa. Tatizo si mnachopika. Tatizo ni kwamba hali chakula chenyewe. Akiendelea hivi, mwezi ujao sitakuwa na la kufanya."

Tulipofika mlangoni kwetu dada akasema, "Usijisumbue sana, mdogo wangu. Watu hufika mahali wakachoka." Nilijifanya nafungua mwavuli, ilhali tulikuwa tunaingia ndani.

Nimesali nikaomba kwa maneno ambayo si ya kitabuni. Nimesema: Mola wangu, lifungue koo la dada yangu. Nimerudia mpaka magoti yakafa ganzi.

Ijumaa, 7 Aprili

Nimetenda jambo ambalo naliandika kwa aibu. Nimempikia figo kwa vitunguu, vizuri, hata Chiriku amesifu. Dada amekula vijiko viwili akasukuma sinia. Nikamwambia, kwa sauti ambayo sijapata kuitumia mbele yake, kwamba kuiacha nafsi ife kwa njaa hali chakula kipo ni dhambi, na kwamba atakuja kuulizwa.

Alijiinua juu ya mto.

"Mwalimu," akasema. Haniiti jina hilo isipokuwa amekasirika. "Mimi nilikufuta kamasi. Usinihutubie."

Mkwe wangu amenifuata jikoni. "Baba, kwa heshima zote, hapo umekosea." Nikajibu kwamba najua. Ameziosha sahani nami nimezikausha.

Jumapili, 9 Aprili

Nimemwomba radhi. Amesema, "Yalikwisha Ijumaa." Uji robo kikombe.

Jumanne, 11 Aprili

Naandika baada ya sala ya magharibi.

Leo mvua imenyesha ambayo mwaka huu hatujaiona. Mtaro wa nyuma uliziba, maji yakaingia jikoni kwa mlango wa uani. Nilikuwa nimepika migongo ya kuku kwa viazi, imeiva, nayo iko mekoni. Mimi na Chiriku tukashika mifagio. Mkwe wangu akarudi kutoka kiwandani amelowa chapachapa, meno yanagongana, hajaweka kitu kinywani tangu alfajiri. Nikampakulia hapohapo, akala amesimama. Chiriku akachukua chake. Mimi nami, Mungu anisamehe, nikachukua mgongo mmoja kwa mkono, nikala huku maji yamefika vifundoni. Kisha nikatoka uani na jembe kuzibua mtaro.

Nilikuwa nimeinama kwenye tope nilipokumbuka. Sinia. Nimekula kabla ya dada yangu. Tumekula sote, na yeye mgonjwa kitandani hajapelekewa hata maji ya kunawa.

Nikaingia na miguu yenye tope. Kitandani hayupo. Nikajua ngiri imebana, ameanguka mahali. Nikaelekea jikoni.

Dada yangu alikuwa ameketi kwenye kigoda. Sufuria ameibana katikati ya miguu yake. Ana mgongo wa kuku mkononi, anaunyonya mfupa kwa mfupa, na kando yake mkate amekwisha kuukata vipande vya kufutia mchuzi. Alikuwa anakula kama mtu afanyaye kazi anayoijua, bila haraka, bila kusita.

Nilikuwa na miaka sabini na moja, na hiyo ndiyo mara ya kwanza katika maisha yangu kumwona dada yangu akitafuna chakula akakimeza kwa raha. Nimejaribu kukumbuka mara nyingine yoyote. Namkumbuka akikata, akikoroga, akipakua, akiosha. Akila, simkumbuki.

"Mbona umesimama hapo kama mdai?" akasema.

"Dada, unakula."

"Sasa ulitaka niipigie magoti?"

Nikaketi chini, kwenye maji. "Kwa nini hukuwa unakula tulipokuletea?"

Akafuta kidole kwa mkate. "Nyinyi watu mnaniketisha kama bibi harusi. Sahani ya maua, kitambaa, halafu macho sita yananitazama, na matumbo yenu nayasikia yananguruma. Nitamezaje? Koo linafunga lenyewe. Kila kijiko nahesabu kimetoka kwa nani."

"Lakini chakula kilikuwa kinatosha."

"Wewe unajua kinatosha. Mimi koo langu halijui."

Akachukua mgongo wa pili. Kisha akasema, bila kunitazama:

"Nilitangulia siku moja tu. Mwaka ule Mama alipokufa. Nilikuwa nimefua tangu asubuhi, nikapika shingo nne, nikajiambia leo nile moja kwanza. Nikala moja, nikala na ya pili. Wadogo wakaja wakala zao. Wewe ukarudi kutoka chuoni na mvua, ukafunua sufuria, ukafunika. Hukuuliza. Ukaenda kulala na kitabu kifuani."

"Siikumbuki siku hiyo, dada."

"Ndiyo. Mimi ninayo."

Nimeitafuta siku hiyo akilini tangu saa ile. Nimetafuta mvua, kitabu, sufuria tupu. Siipati. Dada yangu ameibeba miaka sitini na minne siku ambayo mwenye njaa mwenyewe aliiacha njiani.

Na mimi, mwezi mzima na zaidi, nilimwomba Mwenyezi Mungu alifungue koo ambalo nilikuwa nikilifunga kwa mikono yangu, kila alasiri, kwa sinia.

Migongo miwili. Viazi vitatu. Mkate vipande vinne. Mchuzi wote.

Jumatano, 12 Aprili

Nimewakusanya mkwe wangu na Chiriku, nikawaeleza utaratibu mpya. Tutakula sisi kwanza, jikoni, tushibe, tuondoke. Sufuria ibaki ikiwa na fungu lake zuri, nalo liwe limechanganyika chini, lisionekane kuwa limetengwa. Dada atakuja mwenyewe.

Mkwe wangu amesita. "Baba, majirani wakiingia waone mgonjwa anakwangua sufuria? Watasema nimemchoka shangazi. Lawama hii itaniangukia mimi, si wewe."

Ni kweli tupu. Nimemwambia atakayeuliza aletwe kwangu.

"Tena kuna jambo la uongo hapa," nikaendelea. "Akiuliza kama tumekula, sitaki yeyote adanganye. Tule kweli."

"Mimi sina shida na hilo, Babu," Chiriku akasema. "Mimi kula kweli naweza."

Alhamisi, 13 Aprili

Utumbo, nimeusugua kwa maji ya moto na ndimu mara nne. Kala bakuli zima. Alikuja kwa miguu yake.

Jumapili, 16 Aprili

Bandama na wali. Ameomba chumvi. Mtu anayeomba chumvi ana nia ya kuishi.

Jumatano, 19 Aprili

Mvua imepungua. Miguu ya kuku. Soksi amevua yeye na Chiriku, na Chiriku ameshindwa.

Jumamosi, 22 Aprili

Mpwa wangu, mwana wa pekee wa dada, amefika bila taarifa. Ana duka la magodoro mji mwingine, safari ya nusu siku. Alikuja na kuku mzima wa kuchoma ndani ya karatasi ya kung'aa, akamtafuta mama yake chumbani, hakumwona, akaingia jikoni. Akamkuta kwenye kigoda, sufuria miguuni, na sisi sahani zetu zimekwisha kuoshwa.

"Mjomba, hiki ni nini?"

"Ni mama yako, anakula."

"Anakula makombo? Sakafuni?"

"Kigodani," Chiriku akamsahihisha.

"Wewe nyamaza! Mjomba, nilikukabidhi mama yangu. Wewe ndiye uliyenifundisha heshima ya mzazi, kwa fimbo! Leo mnashiba nyinyi, halafu yeye anakwangua masufuria? Namchukua. Leo hii. Mama, inuka."

Mkwe wangu aliinamisha uso. Mimi nilifungua kinywa nijitetee, nikaona kwamba kila neno la mpwa wangu ni langu mwenyewe, nililolisema darasani mara elfu. Na nikaona pia kwamba akimchukua, atamweka mezani, sahani ya kwanza, na watu wakimtazama, kwa mapenzi yote, mpaka afe.

Dada hakuinuka.

"Umekula?" akamwuliza.

"Mama, sijaja kula."

"Nimekuuliza, umekula?"

"Toka asubuhi bado. Lakini si—"

"Basi hiyo njaa ndiyo inayopiga kelele. Mpeni kigoda."

Akaketi, mtu mzima mwenye ndevu, magoti yakimfika kifuani. Mama yake akafungua kile kifurushi, akamkata kuku wa kuchoma kwa vidole, kila kiungo mahali pake, akampa paja. Akamtazama mpaka akamaliza. Akampa bawa. Akamtazama tena. Alipohakikisha, ndipo akachukua mgongo na kidari, akaanza kula, naye akala hasa.

Mpwa wangu alikuwa amemkodolea macho.

"Mama," akasema kwa sauti nyingine, "nilipokuwa mdogo ulikuwa unakula saa ngapi?"

"Baada yako."

"Sijawahi kukuona."

"Utanionaje? Ulikuwa ukishiba unakimbilia mpira."

Amenawa mikono kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika. Alipoondoka, mlangoni, amenishika mkono kwa mikono yake miwili, kama alivyofanya alipokuwa mwanafunzi wangu, hakusema kitu kuhusu kumchukua.

Jumatatu, 1 Mei

Wiki ya nane. Kilo arobaini na tatu na nusu. Damu imepanda vizuri. Daktari amesoma daftari, akafika tarehe kumi na moja Aprili, akasoma ukurasa ule mara mbili. "Mzee, hapa umeniandikia mambo mengi." Nikamwambia aliagiza niandike kila kitu. Ametuongezea wiki mbili.

Jumanne, 9 Mei

Maumivu asubuhi, upande wa ngiri. Amelala akikunja magoti, jasho likimtoka. Nilimshika mkono nikisoma dua, nikasahau katikati dua niliyoisoma tangu utotoni, nikaanza upya. Baada ya saa moja uvimbe ukarudi ndani. Mkwe wangu hakwenda kazini. Jioni dada ameuliza kama tumekula. Nimejibu kwa ukweli kwamba hakuna aliyekula. Akatufukuza sote kwenda jikoni.

Jumatatu, 15 Mei

Arobaini na tano kasoro robo. Daktari ametazama mizani, akamtazama dada, akasema, "Robo hiyo nakusamehe, Bibi. Kesho kutwa uje."

Dada akamjibu, "Na wewe mbona mwembamba hivyo? Unakula?"

Jumatano, 17 Mei

Wamemwingiza saa mbili asubuhi. Wamemtoa saa nne na nusu. Yu hai. Sijui kuandika zaidi ya hapo.

Jumamosi, 20 Mei

Leo wameruhusu ale chakula cha kawaida kilicho laini. Nimempika kuku mstaafu tangu alfajiri, nikamkata mwenyewe, vipande kumi na sita, viwili nimevivunja. Nimeweka na wali laini ndani. Nikaifunga sufuria kwa kitambaa, nikaenda nayo wodini ilivyo. Mvua imekatika kabisa, barabara inatoa harufu ya vumbi jipya.

"Mzee, hapa tunatumia sahani," muuguzi akasema.

"Mwanangu, ni hadithi ndefu."

Dada alikuwa ameegemea mto, uso umerudi kuwa na rangi. Akatazama sufuria, kisha akatazama wodi. "Huyu wa kushoto hajapata mgeni tangu nije. Mpe kwanza. Na yule wa dirishani, mpe laini." Nikapakua kwenye vikombe vya wodi. "Na wewe muuguzi, umekula?"

"Bibi, mimi niko kazini."

"Na njaa nayo iko kazini. Mpe."

Akala muuguzi, amesimama, akiangalia mlango asije mkubwa wake. Dada akaniuliza mimi kama nimekula. Nikamwambia sijala. Akaningoja nikala shingo na kipande cha mgongo, akinikazia macho kama nina miaka saba. Kisha akavuta sufuria mapajani, akala taratibu, bawa, paja, wali.

Alipofika katikati alikoma. Akaweka kijiko. Akaifunika sufuria kwa mkono wake mwenyewe na kuisogeza kwangu.

"Nimeshiba," akasema.

Nilidhani sikusikia vyema. Katika miaka yangu yote, hilo ni neno ambalo sijapata kulisikia kinywani mwake. Kwamba hana njaa, nimesikia, kwamba amejaribu, nimesikia, na kuleni nyie, kila siku. Nikafunua sufuria nichungulie. Kidari kilikuwa kimebaki, na wali, na mchuzi wa kutosha mtu mzima.

Nikafunika.